Modeli ya Kihesabu Katika Kuzuia Maambukizi Wodini: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kwenye wodi ya watoto wachanga niliyowahi kufanya kazi, chupa za kitakasa mikono zilining'inizwa kila baada ya vitanda vitatu. Zikijazwa saa moja asubuhi, saa saba mchana zilikuwa zimekauka. Kuanzia hapo, muuguzi aliyemaliza kumbadilisha mtoto nepi alilazimika kwenda hadi kwenye sinki lililo mlangoni, huku watoto wengine wawili wakilia na dripu ya wa tatu ikiwa imeziba. Tuliomba chupa ziongezwe. Tukaambiwa bajeti ni finyu, na kwamba tuonyeshe zitaokoa nini. Hatukuwa na cha kuonyesha. Tulijua jambo ambalo hatukuweza kulipigia hesabu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata angalau ambukizo moja hospitalini humohumo. Katika nchi tajiri ni 7. Hao 15 ni watu waliokuja kutibiwa. Nimeandika mwongozo huu wa modeli, yaani hesabu inayoiga jinsi vimelea vinavyoenea wodini, kwa ajili ya muuguzi mfawidhi, ofisa wa kinga na udhibiti wa maambukizi, au mtakwimu wa hospitali ambaye ana daftari, kompyuta yenye Excel na bajeti isiyotosha. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Aliyefika kidato cha nne anaziweza.

Kwanza, wazo lenyewe limetoka wapi

Wazo hili lina undugu na malaria. Ronald Ross alionyesha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye anayebeba vimelea vya malaria, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba baadaye alikaa chini na kuandika hesabu za malaria, akaonyesha kwamba si lazima uue mbu wote ili ugonjwa utoweke. Ukiwapunguza hadi chini ya kiwango fulani, ugonjwa hukosa nguvu ya kujiendeleza na hufifia wenyewe. Wengi walimpinga, kwa sababu waliona kwamba mbu mmoja akibaki, malaria imebaki.

Wodini, vimelea kama Klebsiella, aina ya bakteria, havirukiruki kutoka kitanda hadi kitanda. Vinabebwa, mara nyingi na mikono yetu. Kwa lugha ya hesabu za Ross, mgonjwa yuko pale alipokuwa binadamu, na mkono wa mhudumu uko pale alipokuwa mbu. Nalisema hili kwa heshima kubwa kwa wauguzi. Mkono huohuo ndio unaomlisha mtoto na kumpa dawa, na kazi ya modeli ni kuusaidia uwe salama.

Hatua ya 1: Chagua kimelea kimoja, wodi moja, swali moja

Usianze na hospitali nzima. Anza na swali linaloweza kujibiwa kwa namba, na ambalo jibu lake litabadilisha uamuzi. "Tufanyeje kuhusu maambukizi?" si swali la modeli. "Tukipandisha utakasaji wa mikono kutoka asilimia 40 hadi 60, watoto wangapi wataepuka kupata Klebsiella sugu kwa dawa?" ni swali la modeli.

Pia tambua njia ya maambukizi kabla ya kugusa kompyuta. Ya kugusana yana modeli yake na ya hewani, kama kifua kikuu, yana yake. Nitaanza na ya kugusana kwa kirefu, kisha nitakuja kwenye hewa.

Mfano nitakaotumia ni wodi ya watoto wachanga yenye vitanda 20 vilivyojaa muda wote. Ni wodi ya kufikirika, lakini namba zake nimezichagua ziwe za aina unayoweza kukutana nayo. Weka zako mahali pake.

Hatua ya 2: Kusanya namba nne

Namba ya kwanza ni wastani wa siku ambazo mtoto hukaa wodini. Chukua daftari la kulaza, jumlisha siku za wote walioruhusiwa au kufariki katika miezi mitatu, gawanya kwa idadi yao. Katika mfano wetu ni siku 10.

Ya pili ni sehemu ya watoto wanaoingia tayari wakiwa na vimelea, ama kutoka chumba cha kujifungulia, nyumbani au hospitali iliyowapa rufaa. Hii inahitaji sampuli ya haja kubwa ichukuliwe mara mtoto anapolazwa na kuoteshwa maabara. Tuseme kati ya watoto 100, 5 wanacho. Hiyo ni 0.05.

Ya tatu ni sehemu ya watoto walio na vimelea siku yoyote ya kawaida. Chagua siku, chukua sampuli za wote 20 siku hiyohiyo. Tuseme 6 wanavyo, yaani 0.30. Kumbuka kwamba wengi wao hawaumwi. Ni wabebaji tu, na ndiyo maana macho pekee hayatoshi kuwaona. Sampuli hizi zinahitaji ruhusa ya uongozi wa hospitali na ridhaa ya wazazi. Mama akielezwa kwa utulivu kwa nini tunachukua, na kwamba mtoto wake hatanyimwa chochote akikutwa navyo, kwa kawaida huelewa.

Ya nne ni kiwango cha utakasaji wa mikono, na hapa ndipo wengi hujidanganya bila kukusudia. Ukisimama wodini na ubao wa kuandikia, kila mtu atanawa. Utaandika asilimia 70, na kesho ukiondoka mambo yatarudi palepale. Mimi naamini stoo kuliko ubao. Fanya hivi: kaa kando ya kitanda kimoja saa nzima asubuhi, saa nzima jioni na saa nzima usiku, uhesabu mara ambazo mikono ilipaswa kutakaswa kwa kufuata zile nyakati 5 za Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula, baada ya kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hapo usihesabu nani alinawa. Hesabu nafasi tu.

Tuseme umepata nafasi 30 kwa mtoto mmoja kwa siku. Watoto 20 kwa siku 30 ni siku-wagonjwa 600, mara 30 ni nafasi 18,000 kwa mwezi. Kila utakasaji unatumia takriban mililita 3. Kwa hiyo wodi inayotakasa kila inapopaswa ingetumia lita 54 kwa mwezi. Sasa nenda stoo. Kama mwezi uliopita mlichukua lita 21.6, mko kwenye asilimia 40, ubao useme unavyotaka. (Kama watu wananawa pia kwa sabuni, ongeza makisio ya hizo. Kama kitakasa kinahamia wodi nyingine au mifukoni, punguza.)

Hatua ya 3: Tafuta R ya wodi yako

R ni wastani wa watoto wanaoambukizwa na mtoto mmoja mbebaji katika siku zake zote wodini, kama wenzake wote bado hawana vimelea. Ikizidi 1, vimelea vinajiendesha vyenyewe. Ikishuka chini ya 1, kila mnyororo wa maambukizi hatimaye unakatika.

Wodi ikiwa imetulia, yaani idadi ya wabebaji haipandi wala kushuka sana mwezi hadi mwezi, R inapatikana kwa mstari mmoja:

R = (c − m) ÷ (c × (1 − c))

Hapa c ni sehemu ya wabebaji walioko wodini, na m ni sehemu ya wanaoingia navyo. Kwa mfano wetu: 0.30 kutoa 0.05 ni 0.25. Chini, 0.30 mara 0.70 ni 0.21. Gawanya: 1.19. Tuiite 1.2.

Mantiki yake ni nyepesi. Juu kuna wabebaji waliozidi wale walioingia navyo, maana yake walivipata hapa. Chini kuna nafasi za maambukizi: mbebaji akutane na asiye navyo.

Lakini usiitangaze hiyo 1.2 kama tarehe ya Idi. Watoto 20 ni wachache. Siku hiyo wangeweza kuwa wabebaji 4, nawe ungepata 0.94, au 8, ukapata 1.46. Moja iko chini ya mstari wa 1, nyingine juu kabisa. Rudia kuchukua sampuli mara nne, wiki mbilimbili zikipita katikati, upate wastani, na uandike daima R pamoja na upande wake wa chini na wa juu.

Huna bajeti ya kupima wodi nzima? Tumia majibu ya maabara yaliyopo. Wagonjwa waliooteshwa kimelea hicho ndani ya saa 48 za kulazwa wahesabu kama walioingia nacho, waliobaki kama walioambukizwa humu. Kama kwa mwaka mmoja mlikuwa na 40, na 12 kati yao waliingia nacho, basi 28 kati ya 40 walikipatia kwenu: R halisi, yaani wastani wa wanaoambukizwa na mbebaji mmoja huku baadhi ya wenzake tayari wakiwa nacho, ni karibu 0.7. Njia hii ni ya mkato, na inawakosa wabebaji wasioumwa, lakini ni bora kuliko kukisia.

Hatua ya 4: Jenga modeli kwenye Excel

Fungua ukurasa mpya. Kwenye H1 andika kasi ya maambukizi kwa siku, ambayo ni R kugawanya kwa siku za kukaa: 1.2 ÷ 10 = 0.12. Kwenye H2 andika 0.05, sehemu ya wanaoingia na vimelea. Kwenye H3 andika 10, siku za kukaa. Safu ya B iwe siku, safu ya C iwe idadi ya wabebaji. Kwenye C2 anza na mbebaji 1. Kisha kwenye C3 andika:

=C2+$H$1*C2*(20-C2)/20+$H$2*20/$H$3-C2/$H$3

Buruta hadi siku ya 200. Isome fomula kama sentensi: wabebaji wa kesho ni wa leo, kujumlisha walioambukizwa leo, kujumlisha walioingia navyo, kutoa walioruhusiwa. Ukipata 1.114 siku ya kwanza na 1.229 ya pili, umeiandika sawa. Mwishoni mstari utatulia kwenye 6.1, karibu na wale 6 uliowakuta kwa sampuli. Hiyo ndiyo picha ya wodi yako ilivyo leo.

Programu kubwa kama Python zipo na ni za bure, na ukiwa na mtaalamu wa kukusaidia zitumie. Ila nimeona modeli nzuri ikifia kwenye kompyuta ya mtu mmoja aliyehamishwa. Ukurasa wa Excel wenye mstari mmoja, matroni anaweza kuufungua, kubadilisha namba, na kuona mwenyewe.

Hatua ya 5: Jaribu hatua za kinga kabla ya kuzilipia

Hapa ndipo faida ilipo, kwa hiyo nenda polepole.

Kama R ni 1.2 huku asilimia 40 ya nafasi zikitakaswa, basi R bila kutakasa kabisa ingekuwa 1.2 ÷ 0.6, yaani 2.0. Asilimia 60 inayobaki bila kutakaswa ndiyo iliyoturuhusu 1.2. Sasa badilisha kiwango, ugawanye R mpya kwa siku 10 na kuiingiza kwenye H1, usubiri mstari utulie:

Bila kutakasa: R 2.0, wabebaji karibu 11 kati ya 20.
Asilimia 40: R 1.2, wabebaji 6.1.
Asilimia 60: R 0.8, wabebaji 3.1.
Asilimia 75: R 0.5, wabebaji 1.8.

Angalia kutoka 40 hadi 60. Wabebaji wamepungua nusu. Na gharama yake? Asilimia 60 ya lita 54 ni lita 32.4, ongezeko la lita 11 hivi kwa mwezi. Hilo ndilo jibu ambalo sisi hatukuwa nalo: lita 11 kwa mwezi, na kila siku watoto watatu zaidi wanalala bila Klebsiella sugu tumboni. Hospitali nyingi zinaweza kuchanganya kitakasa zenyewe kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani (ethanoli asilimia 80, glisero asilimia 1.45 na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125), kwa hiyo hata bei unaweza kuijua kwa kumuuliza mfamasia wako.

Sasa angalia kutoka 60 hadi 75. Jitihada ni kubwa, pengine ngumu kuliko ile ya kwanza, lakini umeokoa mtoto mmoja na kitu. Na hata ungefika asilimia 100, ungebaki na mbebaji 1 kati ya 20, kwa sababu asilimia 5 wanaingia navyo mlangoni. Sakafu hiyo mikono haiivunji. Ukiikaribia, shilingi inayofuata ipeleke chumba cha kujifungulia na kwenye hospitali zinazokuletea rufaa.

Jambo hili lilishaonekana kwenye wodi halisi. Mwaka 1999 watafiti walichapisha modeli ya bakteria sugu wa enterokokasi katika chumba cha wagonjwa mahututi huko Chicago. Unawaji mikono na kuwagawia wahudumu wagonjwa maalumu vilikuwa vimeishusha R kutoka kati ya 3 na 4 hadi karibu 0.7. Hata hivyo zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa waliendelea kuwa na bakteria hao. Mtu asiye na modeli angesema kinga imeshindwa. Modeli ilionyesha kwamba kinga inafanya kazi kubwa, na kwamba bila hiyo wangekuwa karibu wanne kati ya watano. Waliokuwa wakiuweka moto hai ni wagonjwa walioingia wakiwa navyo tayari.

Jaribu na mambo mengine. Siku za kukaa zimo ndani ya R, kwa hiyo mkiwezesha akina mama kuwabeba watoto kifuani ngozi kwa ngozi na mtoto akaruhusiwa siku ya 8 badala ya ya 10, R ya 1.2 inashuka hadi 0.96 na wabebaji hadi 4.2, bila tone moja la kitakasa kuongezwa. (Mruhusu anayestahili tu. Modeli haijui kama mtoto yuko tayari kwenda nyumbani.) Msongamano unafanya kinyume mara mbili. Watoto wawili kwenye kitanda kimoja cha joto wanaambukizana moja kwa moja, na muuguzi mwenye watoto 15 hana muda wa kutakasa mikono mara zote.

Kisha ijaribu modeli kwa ukali. Nimedhani vimelea vyote vinapita mikononi. Je, kama robo inapita kwenye vifaa, yaani kipimajoto, mirija ya kufyonzea makamasi, chupa ya dawa inayotumiwa na watoto wengi? Basi katika R ya 1.2, kipande cha 0.3 ni cha vifaa na 0.9 ni cha mikono. Kupandisha utakasaji hadi asilimia 60 kunashusha cha mikono hadi 0.6, R inakuwa 0.9, na wabebaji ni 3.7 badala ya 3.1. Bado inafaa. Hatua ikibaki kuwa nzuri hata dhana zako zikiyumba, ipiganie. Ikiwa nzuri kwa dhana moja tu, subiri.

Na utazame muda. Katika modeli yetu, ukipandisha utakasaji leo kutoka 40 hadi 60, wabebaji hawashuki kutoka 6 hadi 3 wiki hii. Inachukua wiki tatu hivi kufika 4, na karibu wiki sita kufika 3.5. Miradi mingi hukatishwa wiki ya pili kwa sababu "hatuoni tofauti". Mwambie mganga mfawidhi mapema lini mtaona tofauti, akuvumilie hadi hapo.

Hatua ya 6: Tupa dadu na wenzako

Excel hutoa mstari laini. Wodi haiko hivyo, hasa ikiwa ndogo. Kuna mwezi mtupu na kuna mwezi wa balaa, hata kama hakuna mtu aliyebadilisha chochote. Jambo hili lisipoeleweka, mwezi wa balaa hutafutiwa mchawi, na mara nyingi anapatikana muuguzi wa zamu ya usiku.

Chukua dadu 5 wakati wa chai. Mtoto mmoja mbebaji kaingia. Zitupe zote: kila 6 inayojitokeza ni mtoto mmoja aliyeambukizwa. Kila aliyeambukizwa naye anatupiwa dadu zake 5, mpaka mnyororo ukatike. Dadu 5 ni R ya 0.83, karibu na wodi yetu ya asilimia 60. Rudieni mara 20, mwandike ukubwa wa kila mnyororo.

Mtakuta kwamba mara 8 hivi kati ya 20 mnyororo unakatika papo hapo. Lakini mara 5 hivi unafika watoto 6 au zaidi, kwa sheria zilezile na dadu zilezile. Sasa rudieni kwa dadu 3, yaani R ya 0.5. Minyororo ya watoto 6 au zaidi inakuwa mara 1 tu kati ya 20. Sijawahi kuona slaidi inayofundisha haraka kuliko hizo dadu mbili zilizoondolewa mezani.

Ndiyo sababu pia R ya 0.9 na ya 0.8 si ndugu. Kwa wastani, mbebaji mmoja anayeingia huacha mnyororo wenye watu 1 ÷ (1 − R), yeye mwenyewe akiwamo. Kwa 0.9 ni watu 10. Kwa 0.8 ni 5. Kwa 0.5 ni 2. Ukiwa karibu na 1, hatua ndogo huzaa matunda makubwa, na uzembe mdogo huleta msiba mkubwa.

Kuna onyo moja. Wagonjwa wakiibuka wengi kwa mpigo, siku moja au mbili, tena kwenye vitanda visivyo jirani wala vya muuguzi mmoja, weka dadu na Excel kando. Hapo huenda kuna chanzo kimoja: maji ya dripu, chupa ya dawa iliyochomwa sindano mara nyingi, sinki. Modeli hii haifai kutafuta chanzo cha namna hiyo. Mpigie simu mtu wa maabara siku hiyohiyo.

Ikiwa maambukizi yanapita hewani

Kwa kifua kikuu, hesabu ni ya Wells na Riley. William Wells na Richard Riley ndio waliofanya jaribio la Baltimore miaka ya 1950, ambapo simbilisi walivutishwa hewa iliyotoka kwenye wodi ya kifua kikuu, wakaugua. Fomula ni:

Hatari = 1 − e^(−x), na x = (wagonjwa wanaoambukiza × kwanta kwa saa × hewa unayovuta kwa saa × saa ulizokaa) ÷ hewa safi inayoingia kwa saa

Kwanta ni dozi inayotosha kuambukiza, na e ni namba maalumu ya hisabati, takriban 2.718; kwenye Excel e^(−x) huandikwa EXP(-x). Chukua chumba cha kusubiria chenye mita 6 kwa 5 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 90. Ndani yumo mgonjwa mmoja ambaye hajaanza dawa, anatoa kwanta 13 kwa saa, na aliye jirani anavuta mita za ujazo 0.6 kwa saa kwa saa 4. Madirisha yakifungwa, hewa yote ikabadilika mara 2 kwa saa, hatari yake ni asilimia 16. Ikibadilika mara 12, ni asilimia 3. Ikibadilika mara 28, ni asilimia 1.

Hiyo 28 sikuitoa hewani. Watafiti waliopima vyumba 70 katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapisha mwaka 2007, walikuta kwamba kufungua madirisha na milango kulileta wastani wa mabadiliko 28 ya hewa kwa saa, zaidi ya mara mbili ya 12 yanayotakiwa kwenye vyumba vinavyopitishiwa hewa kwa mashine. Kwa saa 24 za kukaa na wagonjwa wasiotibiwa, modeli ilikadiria kwamba asilimia 39 wangeambukizwa kwenye vyumba hivyo vya hewa ya mashine, 33 kwenye majengo mapya yenye madirisha, na 11 tu kwenye majengo ya kabla ya mwaka 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa. Hospitali zetu nyingi za zamani zina majengo ya aina hiyo. Kabla ya kuyagawa kwa mbao ili kupata ofisi, pigeni hesabu hii.

Kupima chumba chako: zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo (mita kwa sekunde), kwa eneo la uwazi mdogo kati ya pande mbili zinazotazamana (mita za mraba), kwa 3,600, kisha gawanya kwa ujazo wa chumba. Upepo wa mita 1 kwa sekunde na uwazi wa mita za mraba 0.8 vinakipa chumba chetu mabadiliko karibu 21 kwa saa. Washa kijiti cha udi uone moshi unaelekea wapi. Moshi ukimwendea muuguzi baada ya kupita kwa mgonjwa, badilisheni viti. Na upime tena usiku, hasa kwenye nyanda za juu za baridi, maana chumba kilicho salama mchana huwa hatari saa nne usiku madirisha yakifungwa.

Hatua ya 7: Ipime modeli, kisha ipeleke kwa anayeamua

Kabla ya kuanza hatua yoyote ya kinga, andika modeli inatabiri nini kwa miezi mitatu ijayo, uweke tarehe na sahihi. Chukua sampuli tena mwezi wa pili na wa tatu. Modeli ikikosea, usiifiche. Mara nyingi kosa lenyewe ndilo linalofundisha. Ilisema 4, mmepata 7, lita za stoo zimepanda kweli? Basi tafuteni njia ambayo haipiti mikononi. Angalieni masinki.

Kwa uongozi, andika ukurasa mmoja tu. Anza na swali, weka namba nne na zilikotoka, weka makadirio mawili, ya kufanya na ya kutofanya, kila moja na upande wake wa chini na wa juu, weka gharama kwa mwezi, na tarehe mtakayorudi kupima. Usiweke fomula. Ukurasa wa Excel ubaki kwenye kompyuta ya wodi, na namba za H1, H2 na H3, pamoja na idadi ya wabebaji na lita za kitakasa, zibandikwe ukutani karibu na ratiba ya zamu, ili wanaoingia zamu ya usiku waone kipimo cha mwisho kilikuta wabebaji wangapi na lita ngapi zimetumika.